Mdila wa Nahodha

Jumatatu, 3 Februari 2025
Bi Mwanamkasi, mkuu wetu wa wazamiaji, ametangaza kwamba Ijumaa atachagua atakayeongoza wageni ndani ya meli iliyozama. Ni mimi au Fondo. Fondo! Kijana asiyejua hata kujisifu! Mimi, Erastus, nilitoka Kakamega nikiogopa hata beseni, leo nina cheti cha kuzamia. Lakini Bi Mwanamkasi anataka mtu mtulivu. Vyema. Atapata mtu mtulivu aliyegundua hazina.

Jumanne, 4 Februari
Nimepata mdila, birika la kahawa la shaba, kwa muuza vitu vikuukuu hapa Junda. Nimeuloweka kwa siki na chumvi uzeeke. Velma, mwenye nyumba wangu, kauliza ninapika nini. Nikamwambia historia.

Jumatano, 5 Februari
Tumeshuka wawili kukagua kamba ya boya. Sheria ya Bi Mwanamkasi: hakuna kuingia melini peke yako. Fondo alipoinamia fundo lililogoma, mimi huyoo, ndani! Mdila kifuani. Meli imelala ubavu, kwa hiyo milango iko darini na ngazi haziendi popote. Mwanga ukipenya madirisha ya duara, samaki wadogo wametanda kama pazia. Nikasahau woga. Kisha nikaukumbuka. Nikauacha mdila kwenye kabati la nahodha, nikatoka mbio. Fondo hakuona kitu. Huyo huwa haoni.

Ijumaa, 7 Februari
Aibu! Mimi mbele kwa majaribio, wageni watatu nyuma, Fondo na Bi Mwanamkasi mwisho. Nikaingia chumba cha nahodha kwa mbwembwe. Kabatini: mkunga, yule samaki kama nyoka! Mnene kama paja langu, kinywa wazi, kauzingira mdila wangu. Nikapiga mateke. Mkunga akatoroka, matope yakatibuka, giza tupu. Juu wapi, chini wapi? Nasikia pumzi zangu tu, zinakimbizana. Nikamwomba Mungu kwa Kiluhya.

Mkono ukanishika pezi la mguuni, ukanivuta polepole hadi kwenye mwanga. Fondo. Na mkono wake wa pili? Mdila!

Botini wageni wakampigia makofi. Bi Mwanamkasi akamwambia, "Mwanangu, kiongozi ni wewe." Nikafungua kinywa kudai mdila wangu. Nikakumbuka: nikidai, nimekiri kwamba niliingia peke yangu. Yakanitoka maji ya chumvi puani badala ya maneno.

Jumamosi, 8 Februari
Bi Mwanamkasi anataka kuupeleka mdila makumbusho. Fondo kanivuta pembeni, kanionyesha kitako cha mdila: mhuri wa kiwanda, mwaka 2019. Kumbe Jumatano aliniona!
"Nilikuwa mlangoni na tochi, kaka," akasema. "Mule ndani watu hufa."
Tukaenda pamoja kwa Bi Mwanamkasi, nikasema yote. Nusura anifukuze. Fondo akanitetea mpaka akakauka koo. Sasa nimepigwa marufuku kuingia melini, kazi yangu ni kuosha nguo za kuzamia. Nilikaribia kumkumbatia Fondo. Nilikaribia tu.

Jumapili, 9 Februari
Kanisani Frere Town nimejichunguza kwa dhati. Kosa langu nimeliona waziwazi: mdila ni mwepesi mno. Mtu yeyote anaunyakua.

Nikitoka, nimepitia Kongowea. Kuna cherehani ya miguu pale, chuma kitupu. Fondo hawezi kuipandisha hata kidogo! Kweli, hata mimi imenishinda kuinyanyua. Lakini kushuka baharini si shida. Itashuka yenyewe.