Shimo la Baba Stamili Halina Kifuniko

Makote, Newala
12 Aprili 1957

Kwa Bwana Fakihi, Baba Stamili,
Msaidizi wa Bwana Afya,
Nyumba ya ng'ambo ya ua wangu.

Ndugu Jirani,

Shikamoo. Natumaini u mzima, wa nyumbani kwako wazima, na shimo lako nalo zima, maana ndilo lililonishikisha kalamu. Najua kutoka mlangoni kwangu hadi kwako ni hatua kumi na tisa. Hata hivyo barua hii itapitia posta ya Newala, ipigwe muhuri juu ya uso wa Malkia, irudi Makote ikiwa inatambuliwa na serikali, kwa sababu maneno ya mdomo nimeyasema mpaka yameniishia.

Baba Stamili, sisi watu wa huku juu hatuna mto. Wake zetu huteremka bondeni na madebe, wakapanda nayo shingo zikiwauma, ndiyo maana kila mwenye akili amechimba shimo uani la kukinga maji ya mvua. Kwa hiyo sikatai shimo. Ninachosema ni kwamba lako liko wazi tangu Januari, kina chake ni watu wawili wamesimamiana mabegani, na liko kando ya njia tunayopita sote. Tena wewe ndiye uliyekuja kwangu mwaka juzi na ile fimbo yako ya kupimia, ukatangaza mbele ya wakwe zangu kwamba choo changu ni hatari kwa umma. Nilikifunika siku ileile. Leo umma unauliza la kwako.

Malalamiko nimeyatia namba ili usipate pa kuchomokea.

1. Kuku wangu mwekundu alitumbukia. Ni kweli ulimwopoa, ukamkausha jikoni kwako, ukamleta mwenyewe. Lakini tangu hapo hatagi, anashinda akitazama ukuta. Naona kuku akishashikwa na mtumishi wa serikali hawi kuku tena.

2. Shemeji yangu Abdulkadiri alikuja na lori kutoka kwao Lisekese, Masasi, kututembelea, kavaa kanzu mpya. Aliingia shimoni akashikilia ukingo kwa viwiko, akapiga kelele mpaka Makote nzima ikaja kumtazama. Ulimvuta, ukamvika kanzu yako. Ameondoka nayo, na huko Masasi anasimulia kwamba watu wa Newala huwahifadhi wageni kwenye maji. Kanzu yako ilimkaa vizuri, na hilo limeniudhi zaidi.

3. Vyura. Nikiomba dua magharibi, wao ndio wanaoitikia amina.

4. Esha. Hapa naacha mzaha. Binti yangu ana miaka mitano. Amegundua kwamba akilala kifudifudi ukingoni na kuliita jina lake, shimo linamwitikia. Ijumaa iliyopita mama yake alimkuta mguu mmoja umeshaning'inia ndani. Sijawahi kuogopa vile. Nilimchapa, kisha nikamkumbatia, kisha nikakukasirikia wewe, na hasira hiyo bado ninayo.

5. Mwezi uliopita nilikuuliza kwa adabu mbao sita za kifuniko zimekwenda wapi. Ulitazama chini, ukanijibu, "Mbao zile zimekwenda kwenye kazi." Kisha ukaaga. Kazi gani hiyo, Baba Stamili? Zimeajiriwa? Zinapata likizo? Mtu mzima anaulizwa habari ya usalama wa watoto anajibu kama karani wa bomani aliyepoteza faili!

6. Siku hizi kila penye kahawa watu wanasema nchi itajitawala. Mimi nauliza, itajitawala vipi? Mwingereza akisikia kwamba msaidizi wa Bwana Afya ameshindwa kufunika shimo lake, atakunja mkeka aondoke? Atakaa miaka mia nyingine, na sababu itakuwa uani kwako.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, ulifunike shimo kabla ya Ijumaa ijayo. Ukishindwa, lizungushie ua wa miiba na utundike kengele. Ukishindwa na hilo, kaa hapo mwenyewe tangu alfajiri mpaka magharibi ukipiga ngoma kuonya wapita njia. Na likikushinda hilo pia, basi uhame, shimo libaki na mtu mwenye mbao.

Msalimie sana Mama Stamili. Mwambie mihogo aliyotuletea jana ilikuwa mitamu, ila isichukuliwe kuwa imepunguza chochote katika barua hii. Wasalimie Stamili, mzee Alfani na wote wa msikitini wanaoniuliza.

Ni mimi jirani yako mwenye subira inayokauka,
Baba Esha

Nyongeza: Nimeisoma barua hii kwa sauti ili nijifurahishe. Mke wangu Mwanasha alikuwa anachambua mboga, akaacha. Akaniambia, "Baba Esha, mbao hizo zimemfunika mama."

Unajua mama yangu alipofariki Januari mimi nilikuwa Masasi na korosho, mvua imekata barabara, nikafika siku ya tatu amekwishazikwa. Sikuuliza mbao za kaburi zilitoka wapi. Mwanasha anasema fundi seremala hakuwako, mbao hazikupatikana Makote nzima, wewe ukazing'oa za shimo lako kwa jembe, ukaziosha, ukazipeleka makaburini kichwani. Kisha ukawakataza wanawake wasiniambie, nisije nikajiona mdogo mbele yako. Nami nikakuuliza kama zinapata likizo.

Futa namba zote. Ya nne ibaki, maana Esha bado anachungulia. Ijumaa baada ya sala naleta mlango wangu tuulaze juu ya shimo. Unatosha, nilipima kwa kamba ulipokuwa kazini, nikitafuta ushahidi. Nyumba bila mlango ikiwa ni hatari kwa umma, njoo na fimbo yako.

Posta siendi tena. Barua nakuletea mkononi, uisome mbele yangu unicheke, nimestahili.

Shikamoo, Baba Stamili. Ile ya juu niliiandika kwa hasira, hii ndiyo ya kweli.