Chanjo ya Utomvu wa Dobi

Jumatatu, 6 Machi 1911
Hili sijamwambia mtu yeyote: naogopa kisu cha mchanjaji. Mimi, Haripada, niliyesoma insha ya faida za chanjo mbele ya shule nzima mpaka mwalimu akafuta machozi! Srinath Babu (kwetu "Babu" ni kama "Bwana"), mchanjaji wa serikali, anafika keshokutwa. Ndui imeingia kijiji cha jirani. (Kwa sauti hatuitaji. Tunasema Mama Shitala, mungu wa kike wa ndui, amekuja kutembea.) Naogopa ndui. Kisu nakiogopa zaidi. Ila mwenye kovu la chanjo mkononi huachwa. Nina mpango.

Jumanne, 7 Machi
Dobi Gokul hutia alama nguo kwa utomvu mweusi wa kokwa za porini, usiofutika. Nilichovya kijiti alipokuwa akianika, nikapaka madoa mawili mkononi. Mazuri! Yanawasha. Nimejikuna mkono, kisha uso.

Jumatano, 8 Machi
Malengelenge! Mkono, shingo, mashavu, hata kope. Ma, mama yangu, alifungua kinywa kupiga yowe, akakiziba, akaanguka kifudifudi. "Karibu, Mama. Nyumba ni yako. Ila huyu ninaye mmoja tu, mguse polepole." Nilitaka kusema ni utomvu tu. Nikajifunika shuka. Sasa mlangoni kuna majani ya mwarobaini, samaki marufuku, visu vyote vimefichwa. Shangazi Kadambini, jirani yetu, kaja kuinamia miguu yangu, ati Mama yumo mwilini mwangu, na kumwombea mkwewe kazi!

Adhuhuri akafika Srinath Babu. Ma akasimama mlangoni. "Babu, Mama yumo ndani. Ukiingia na chuma chako ataudhika, na wa kuadhibiwa ni mwanangu." Mchanjaji akaondoka. Nimeshinda! Ma bado analia ukumbini. Hilo sikulipanga.

Jumapili, 19 Machi
Nimepona. Ma anatamba kijiji kizima. Asubuhi hii Shangazi kaja mbio, nywele timtim. Mjukuu wake Nontu anaungua homa, malengelenge mwili mzima. Hakuna utomvu pale. Anataka mwuguzi aliyekwisha kutembelewa, maana Mama harudi kwa mtu mara mbili. "Twende, baba. Wewe hakugusi tena." Ma akaitikia kabla yangu, kwa fahari.

Mimi Mama hajanigusa kamwe! Njiani tukakutana na Srinath Babu, amerudi kukagua mikono ya watoto. Mkoba wake ulikuwa wazi. Akaniangalia mashavu, akasema nina bahati, kisu chake sikihitaji tena.

Nikamshukuru. Kisha nikaingia kwa Shangazi, nikabana pumzi, nikaketi kando ya Nontu na kuanza kumpepea.