Magoti ya Kogo na Vidonge vya Chai

Jumatatu, 3 Machi 1997

Nimepata! Madaktari wa utafiti wamekuja kanisani hapa Kiptere. Wanatafuta watu wazima wenye afya. Watawapa vidonge vya unga wa chai ya kijani wiki nne, wapime damu, waone kama uvimbe wa ndani ya mwili unapungua. Eti kwenye majani kuna kitu kinaitwa polifenoli. Nikauliza, na mwenye magoti yaliyovimba? Daktari kijana akasema hapana, mama, tunataka wasio na ugonjwa. Kutibu wasio wagonjwa! Nikajiandikisha papo hapo. Mimi si mgonjwa. Nimechoka tu.

Mpango: damu yangu, vidonge vya Kogo. Kogo ni mama wa mume wangu. Yeye ndiye hubaki na Kipruto, miezi saba, nikienda kuchuma majani ya chai. Sasa magoti yake yamefura kama maboga. Shemeji Kimeli amesema tarehe 23 asipomkuta akitembea, anamchukua kwake Sigor. Mume wangu yuko kazini Chepseon. Mtoto nimwachie nani? Mbwa?

Sharti lao: mwezi mzima usinywe chai. Hapa Kiptere!

Jirani yangu Chepkurui naye amejiandikisha. Kwa sababu ameniona mimi. Hana sababu nyingine.

Alhamisi, 6 Machi

Wametoa damu, wametupa makopo. Viwili asubuhi, viwili jioni. Nikachemsha maji, nikakaa kitandani kwa Kogo, nikamkanda magoti mpaka akakubali kumeza. Alinung'unika kweli. Eti majani haya ameyachuma miaka thelathini mpaka yakamvunja magoti, leo ninamrudishia ndani ya kidonge? Nikamwambia Kogo, meza. Akameza.

Jumapili, 9 Machi

Kogo ameenda choo peke yake! Bila fimbo! Nimelia nyuma ya jikoni, kidogo tu.

Chepkurui alikuja kuchungulia kikombe changu. Alikuta uji. Akasema Mama Kipruto, siku hizi unakunywa uji kama umejifungua jana, kuna habari? Nyoka huyo. Alipoondoka nikanywa chai vikombe vitatu.

Jumatano, 12 Machi

Chepkurui amepasua kidonge chake akanionyesha. Kijani, chungu kabisa. Nikapasua changu. Cheupe! Nikaonja. Unga wa mahindi! Kumbe nusu yetu tunapewa unga ili watulinganishe na wengine. Wiki nzima Kogo amemeza ugali. Ametembea, ndiyo, lakini hilo sikulifikiria sana.

Mpango mpya. Nikamwambia Chepkurui vyeupe ndivyo vya daraja la kwanza, vimechekechwa, yeye amepewa makapi. Akakubali tubadilishane makopo. Akataka na jogoo juu. Nikampa.

Jumamosi, 15 Machi

Nikasema, kama unga umemfikisha chooni, chai yenyewe itamfikisha Kericho mjini. Nikampa sita kabla ya uji, nikakimbia kuchuma. Leo sikuwa na nafasi ya kukaa naye.

Nimerudi saa saba. Kogo ametapika mpaka nyongo. Hawezi kusimama. Kipruto yuko sakafuni, amelowa, amelia mpaka sauti imekwisha. Nimemnyonyesha kwa mkono mmoja, mwingine umeshika beseni. Kogo ameniomba nisimwambie Kimeli. Ananikinga mimi, si yeye mwenyewe.

Jumanne, 18 Machi

Siku ya damu. Daktari akauliza ninajisikiaje. Sikuwa nimelala. Nikamwambia nimetapika siku mbili na goti la kushoto ndilo baya zaidi. Akatazama miguu yangu. Akatazama karatasi. Akauliza, goti lipi, mama? Chepkurui akacheka kwenye foleni mpaka akashika ukuta.

Nikasema yote, isipokuwa kubadilishana makopo. Nimefutwa. Kopo limechukuliwa. Daktari hakunigombeza. Alisema tu kwamba ningeweza kumuua Kogo. Alisema polepole. Afadhali angepiga kelele.

Jumapili ya Matawi, 23 Machi

Kimeli amekuja baada ya ibada na pikapu ya kuazima. Hakuuliza mengi. Kogo alibebwa kama gunia, na matawi ya watoto bado yako mlangoni. Kabla hawajaondoka alimshika Kipruto kichwa, muda mrefu. Halafu akaniambia vidonge vya kwanza ndivyo vilivyomsaidia. Eti siku zile nilikuwa ninakaa, ninamkanda kwa maji moto, tunaongea.

Vya kwanza! Vyeupe! Nilijua tu!

Kesho Kipruto yuko mgongoni kwenye majani, mvua inyeshe isinyeshe. Lakini kwanza ninapitia kwa Chepkurui. Atoe lile kopo la vyeupe, au jogoo wangu arudi. Nitavituma Sigor na mtu yeyote anayeenda. Mimi mwenyewe siendi. Kukaa tu kwenye kitanda cha mtu kunaponya nini?