Sukari ya Mbwa wa Rau

Athanas alikuwa kwa kinyozi pale Rau, ndevu nusu zimenyolewa, bwana afya alipopita akitangaza: Jumatatu mbwa wote wanaozurura watapigwa risasi. Wateja wakaguna. Athanas yeye akachangamka, maana mtu huyu, Mungu amsamehe, akisikia kilio cha msiba huuliza pilau inaiva saa ngapi.

Kesho yake akasimama sokoni na daftari, ndani ya suti ya Kaunda ya kuazima.

"Ndugu wananchi! Watu tumehamia vijijini, mbwa wabaki nyuma? Kimefunguliwa kijiji cha mbwa kule Kilema. Hakuna risasi! Kila mbwa aje na kilo moja ya sukari, posho yake."

Mwaka ule wa sabini na tano sukari ilipatikana kwa foleni na ugomvi. Lakini wenye ndugu kwenye mashamba ya miwa walikuwa na akiba, na nani angependa mbwa wake auawe njiani? Saa nne Athanas alishakusanya mbwa kumi na mmoja. Angewatupa msituni, sukari aiuze kwa ulanguzi, basi, kazi kwisha.

Ndipo akaja Bibi Mektrida na mbwa wake mzee anayechechemea.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kijiji chenu kina mwenyekiti?"

"Ndiye mimi, Bibi."

"Afadhali." Akatoa jani la sale alilochuma kwenye uzio, akamfunga mbwa shingoni, kisha akamkabidhi Athanas kamba mbele za watu. "Nakuomba kwa sale, mwanangu. Mlishe, umtunze mpaka afe kifo chake."

Mae! Athanas akalowa jasho. Tapeli alikuwa, ndiyo, lakini tapeli wa Kichagga, na Mchagga akiombwa kwa sale hakatai, hata kama anaombwa amsamehe aliyemuulia ndugu. Kukataa ni kujitafutia laana.

"Bibi, hii haimo kwenye taratibu..."

"Iandike."

Wenye mbwa wengine kuona hivyo, mbio kwenye uzio! Punde kila mbwa akawa na sale shingoni.

Jioni Athanas akafika Kilema kwa mama yake, Veronika, miguu imevimba, mbwa kumi na wawili nyuma yake. Mama akayatazama yale majani, akamtazama mwanawe, akaubeba mfuko wa sukari na kuuingiza ndani.

"Hii ni ya uji wao. Watalala bandani na mbuzi, kuna joto."

"Na mimi, mama?"

"Wewe nani amekuombea kwa sale?"