Saa Itetemeke kwa Muda Gani?

Jumatano, 4 Februari

Vitunguu vyangu vinakufa. Zamu yangu ya maji ya mradi ilipita juzi, na tayari vimelegea. Kaburu, jirani yangu hapa Ruiri, ana zamu ya Jumapili. Huacha maji yakimwagilia shamba, yeye yuko kanisani anaimba besi. Koki yake iko karibu na ua wangu. Nikiyageuza maji kidogo, nani atajua?

Lakini naogopa. Naogopa sana! Karambu, mwenyekiti wa mradi, alisema atakayeshika koki ya mwenzake bomba lake litang'olewa. La mwanachama mwenzetu Gatakaa liling'olewa. Siku hizi shamba lake ni vumbi tupu.

Nikiogopa husahau wakati. Kwa hivyo nimenunua saa katika soko la Gakoromone, zile za kioo cha kugusa. Alamu yake hailii, hutetemeka tu mkononi. Itaniambia niyarudishe maji kwa Kaburu kabla watu hawajatoka kanisani. Mke wangu Nkirote aliuliza mkulima wa vitunguu anakimbilia wapi. Nikamwambia inapima moyo. Ikapima. Moyo unakimbia na mimi nimekaa!

Alhamisi, 5 Februari

Saa inauliza alamu itetemeke kwa muda gani. Nikachagua sekunde tano. Nikadhani ni nzi, nikaipiga kofi, nikaendelea kupalilia. Sekunde tano ni za watu wasio na shida.

Ijumaa, 6 Februari

Dakika nzima. Nikasahau kuizima kabla ya mkutano wa mradi. Mkono ulikuwa juu ya meza ya mbao. Meza ikavuma! Mtu akapiga kelele kwamba ni nyuki, mkutano ukavunjika. Mimi ndiye niliyetangulia kukimbia, kwa hivyo sishukiwi.

Ila Karambu aliniangalia. Kwa nini aliniangalia? Nimeshindwa kula githeri leo.

Jumapili, 8 Februari

Nimechagua "mpaka izimwe". Heri kuzidisha. Nkirote nilimwambia siendi kanisani, tumbo linaniuma, na kweli lilikuwa linauma.

Maji yakaingia kwangu. Yalivyokuwa mazuri! Nikawa nayaelekeza kwa mikono, matope hadi viwikoni. Saa ikatetemeka. Nikakimbia nikageuza koki, maji yakarudi kwa Kaburu. Kisha nikasikia viatu. Karambu! Kumbe yeye hukagua mabomba ibada ikiendelea. Nikajitupa kwenye majani ya ng'ombe ya Kaburu.

Saa ikakataa kuzimika. Kioo hakitaki vidole vya matope. Nikailalia. Ikatetemeka chini ya tumbo, na mimi juu yake, nisijue nani anamtetemesha mwenzake. Karambu akasimama pale pale. Akasema nitoke, kwamba majani ya Kaburu hayajawahi kuugua homa.

Jumatatu, 9 Februari

Kamati imeketi. Nkirote alinitetea huku akilia, na niliona aibu, kusema kweli. Bomba limesamehewa, lakini sina zamu mpaka mvua inyeshe. Nikirudia, linang'olewa. Nkirote anabeba maji ya vitunguu kutoka mtoni, kwa mgongo, na hanisemeshi. Nimeapa mbele ya wanachama wote kwamba nimejifunza.

Na nimejifunza. Kosa lilikuwa mtetemo. Sekunde tano ni chache, dakika ni nyingi. Nimeweka sekunde ishirini. Mithika, mwenye zamu ya Alhamisi, huwa sokoni hadi jioni.