Shamba Linavyoonekana Kutoka Juu

Jumatatu, 4 Machi
Nimekabidhiwa ufunguo wa koki kuu! Baba mkwe kasema ananijaribu wiki mbili. Miti ya machungwa ikinawiri, shamba nitalisimamia mimi. Nikiboronga, anapewa shemeji. Shemeji! Mtu anayechimba udongo, anaubana kiganjani, kisha anatangaza miti ina kiu. Mimi nina simu. Setilaiti inapiga picha kutoka juu: kijani, shamba limeshiba; nyekundu, lina kiu. Na viatu havichafuki.

Jumanne, 5 Machi
Kijani tupu! Nimefunga maji. Shemeji kaja mbio, eti manyunyu ya majuzi yamelowesha udongo vidole viwili tu, yameotesha magugu, chini kukavu. Anataka tupalilie. Nimemjibu kuwa setilaiti haikurushwa huko juu kutazama magugu. Kaondoka anatikisa kichwa. Wivu huo.

Jumatano, 13 Machi
Jua kali, picha bado kijani. Mke wangu kasema machungwa machanga yanapukutika. Nimemweleza kuwa mti ulioshiba hujipunguzia mzigo. Kaniuliza nimeyasoma wapi hayo. Huyu naye ni dada yake shemeji, sishangai.

Ijumaa, 15 Machi
Hujuma! Jana shemeji kaleta vibarua, kapalilia shamba zima. Picha ya leo: nyekundu pembe hadi pembe! Nimemkimbilia baba mkwe na simu mkononi, nikamwambia mwanawe ameua miti kwa jembe. Mzee kavaa miwani, kaitazama picha, kisha kanivuta hadi shambani. Majani yamejikunja. Machungwa yametapakaa chini. Kauliza maji nilifunga lini. Nikasema kwa fahari: siku kumi sasa! Kaninyooshea mkono, kachukua ufunguo. Kasema siku zote hizo nilikuwa napima kiu ya magugu. Imeniuma sana. Mke wangu nilishamwambia aniite Bwana Meneja.

Jumatatu, 18 Machi
Shemeji kafungua maji. Majani yameanza kukunjuka, na mzee anamsifu hadi mezani. Mimi nimepewa jembe. Kila gugu litakaloota ni langu, kasema.

Nimechungulia simu: picha bado nyekundu. Shemeji na ufunguo wake hawajaleta kijani hata kidogo! Mimi dawa ninayo. Sitapalilia hata mstari mmoja. Wiki mbili tu, shamba litakuwa kijani pembe hadi pembe, na mzee mwenyewe atanirudishia ufunguo.