Alama Hamsini na Nane

Jumatatu, 20 Mei 2019

Nimerudi chumba 114! Miaka minane tangu nistaafu, na mlango bado unataka teke dogo upande wa chini, kulia. Nikaupiga. Ukafunguka. Nusura nilie.

Kazi yenyewe: wiki mbili za kukaa na wanafunzi kumi na mmoja walioanguka Historia ya Marekani mwaka jana. Sasa wanalirudia somo kwenye kompyuta ili wahitimu na wenzao. Mwisho ni Ijumaa ya tarehe 31, saa sita mchana. Mahafali ni Jumapili yake. Asiyemaliza havai joho.

Denny Hautala, mkuu wa shule (mwanafunzi wangu, darasa la 1988, mpiga kelele), kaniambia nisifundishe. Mashine itafundisha. "Wewe uwepo tu, Mwalimu, wasirushiane vitu."

Niwepo tu! Kama sanamu!

Anayefundisha ni kijana wa kwenye video, mwenye sweta ya kijani. Leo ameeleza Mdororo Mkuu wa Uchumi kwa dakika nne. Mimi nilikuwa nautengea wiki tatu, na wiki ya kwanza yote ilikuwa Mfereji wa Erie, ule uliochimbwa kupitisha mashua za mizigo. Kozi inaanzia mwaka 1877. Nani awezaye kuuelewa mwaka 1877 bila mfereji wa 1825? Hakuna. Nitaeleza.

Msimamizi wa mashine ni Bi Loretta Trudeau wa maktaba. Hatujapatana tangu 1991, aliponinyang'anya projekta. Amenipa sheria moja: nisiguse kibodi ya mwanafunzi. Ameirudia mara mbili, polepole, kama anayezungumza na mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Jumanne, 21 Mei

Mpango wa kwanza. Nimeikuta ramani yangu stoo, nyuma ya mipira: ile ya kuvuta chini, yenye nchi ambazo hazipo tena. Nimeitundika kwenye ndoano yake ile ile. Nikawaambia watoto wazime sauti ya kijana wa sweta. Nikaanza mfereji. Milango ya maji. Mashua. Nyumbu, wale wazaliwa na punda na farasi, wakitembea kando ya maji, wakivuta mashua kwa kamba ndefu.

Kimya kabisa. Kumi na mmoja wananitazama! Nilijiona nina miaka thelathini. Hata harufu ya glavu za sufu zikikaushwa juu ya bomba la joto niliisikia, na hakuna mtu aliyekuwa na glavu.

Dakika ya kumi, mashine zote zikawatoa nje. Kumbe zinahesabu. Usipogusa kibodi kwa dakika kumi, mashine huona umelala, inafuta kazi ya kipindi kizima. Kumi na moja kwa mpigo!

Msichana wa kiti cha dirishani, Corinne Beaudry, aliniambia kwa upole: "Nyumbu walikuwa wazuri, Mwalimu. Ila mimi nilikuwa nimebakiza maswali mawili tu."

Beaudry. Nimekaa na jina hilo mchana kutwa.

Jumatano, 22 Mei

Ndiye. Mjukuu wa Lyle Beaudry.

Nimelitoa kabatini daftari la alama la 1979. Karatasi imegeuka rangi ya chai. Lyle: 58. Kufaulu ni 60. Sikumwongezea. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na msimamo. Yeye pia alikaa dirishani. Siku moja alinyoosha mkono akaomba nirudie jambo fulani kuhusu mfereji, na honi ya mgodi ikalia, na mimi nikamwambia angesikiliza mara ya kwanza. Wiki ya mahafali wenzake walivaa majoho. Yeye alivaa kofia ya chuma, akashuka mgodini.

Honi haipo sasa. Mgodi haupo. Daftari lipo.

Corinne huanza kazi saa kumi alfajiri kwenye duka la mikate, akikunja kingo za pasti, yale maandazi makubwa ya nyama na viazi waliyotuachia wachimbaji. Mwaka jana alianguka kwa sababu mama yake aliugua, na yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali, maili tisini kwenda na tisini kurudi. Babu yake ameshanunua shati la Jumapili. Hajakanyaga ukumbi wa shule hii tangu 1979.

Lazima huyu mtoto amalize. Nimeamua. Na mtu anapoamua jambo zuri, njia hujitokeza.

Alhamisi, 23 Mei

Naandika nikiwa nimefunga mlango.

Corinne amefanya mtihani wa sura ya Mdororo mara mbili: 54, kisha 57. Nikajua kosa ni la mashine. Kilichobaki ni kuthibitisha. Akatoka kwenda kuchukua chakula. Kompyuta yake ikabaki wazi. Niliketi nione tu. Kuona kukawa kubonyeza.

Maswali arobaini, dakika thelathini. Swali la tatu lilitaka sababu kuu ya benki kufungwa. Majibu manne: mawili sahihi, moja sahihi nusu, na jingine upuuzi wenye chembe ya hoja. Chini kulikuwa na kisanduku cha maoni. Nikaandika kwamba swali limeulizwa vibaya. Nikaeleza kwa nini. Dakika kumi na nne. Maswali ya mwisho niliyabonyeza kama mtu anayeua mbu.

58.

Mimi! Niliyelifundisha somo hili miaka thelathini na nane!

Kisha maandishi mekundu: jaribio la tatu na la mwisho, sura imefungwa. Haendi mbele bila sura hiyo.

Corinne akarudi na pasti mbili. Moja yangu. Akauliza kulikoni. Nikasema mashine ina hitilafu. Nikaila pasti yake huku nikimdanganya. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo baya zaidi.

Ijumaa, 24 Mei

Mpango wa pili: kufungua sura bila Loretta kujua.

Nimepigia simu kampuni ya kozi. Dakika hamsini za muziki wa filimbi wa kunisubirisha. Hatimaye sauti ya mtoto mpole ikauliza kama mimi ni mwanafunzi. La. Mzazi? La. Msimamizi? Nikasema kwa namna fulani. Akasema anayeweza kufungua ni mtu mmoja tu shuleni kwetu, akanisomea jina lake herufi kwa herufi. Nilikuwa nalijua.

Nikaenda maktaba. Nikafika hadi mezani. Loretta akainua macho, akafungua mdomo aseme kitu. Nikawahi. Nikaazima kitabu cha ndege wa majini, nikatoka.

Corinne aliuliza kama hitilafu imetengenezwa. Nikasema wataalamu wanaishughulikia. Akahesabu siku kwa vidole. Vidole vilikuwa na unga. Sikuweza kuvitazama.

Jumatatu, 27 Mei

Nilipanga kukiri leo asubuhi. Nilikuwa na hotuba. Nikakuta mlango wa shule umefungwa, bendera nusu mlingoti, na hakuna mtu. Siku ya Kumbukumbu ya waliokufa vitani! Mwalimu wa historia nimeisahau sikukuu ya historia!

Siku nne zimebaki. Nikakimbilia gwaride, kwa kadiri ninavyoweza kukimbia. Loretta hupiga tuba kwenye bendi ya mji, lile tarumbeta linalomzunguka mtu kama chatu. Nikaingia kwenye mstari, kati yake na gari la zimamoto, nikakiri huku tunatembea. Hakuweza kujibu, mdomo umejaa tuba. Sijapata kuwa na msikilizaji mzuri namna ile. Nikakiri kwa mpangilio. Nikaanzia 1979. Watu kando ya barabara wakanipungia mikono wakidhani mimi ni sehemu ya gwaride. Nikawapungia.

Makaburini bendi ikanyamaza. Loretta akauliza: "Umemaliza?" Nikasema karibu.

Akasema alijua tangu Alhamisi, kwa kuwa mashine humletea taarifa. Corinne naye alijua. Alishasoma jibu langu la swali la tatu. "Mtoto gani wa miaka kumi na minane anaandika kwamba hoja yenu ina kasoro ya msingi, Arvid?" Akasema mashine haimruhusu kufungua mpaka aliyekuwepo chumbani atoe maelezo kwa saini yake. "Ijumaa nilitaka nikuombe hayo maelezo. Ukaazima bata, ukakimbia."

Nikasema Corinne hakuniambia kitu. Loretta akasema huyo mtoto ana adabu, nisimtumie vibaya. "Niandikie sentensi moja, bwana. Moja."

Jumanne, 28 Mei

Nilimpelekea kurasa tatu. Akazirudisha. Nikampelekea ukurasa mmoja. Akaurudisha. Mwishowe: "Nilifanya mtihani wa mwanafunzi nikaanguka." Akagonga muhuri kwa furaha niliyoiona ni ya kupita kiasi.

Sura ikafunguliwa saa tatu na nusu. Kufikia saa nne Corinne alikuwa na 81. Nikamuuliza imekuwaje. Akasema amemsikiliza kijana wa sweta mara tisa, kwenye simu, huku anakunja pasti. "Nisipoelewa namrudisha nyuma. Yeye hachoki kurudia, Mwalimu."

Nikasema vizuri sana. Kisha nikaenda kusimama kidogo kwenye ujia, karibu na picha za darasa la 1979. Kuna pengo kwenye mstari wa pili. Sikuwahi kuliona.

Ijumaa, 31 Mei

Leo ndiyo leo. Wengine kumi wamemaliza jana. Corinne kafika saa nne na dakika ishirini, mbio, aproni ikining'inia kwenye begi: mji mzima umeagiza pasti za mahafali. Mtihani wa mwisho ni dakika tisini. Mashine ikikutoa nje kwenye mtihani huu, huwezi kurudi tena.

Loretta akaja kusimama mlangoni. Hakuja kumsimamia Corinne. Nimeahidi kutogusa na kutosema. Nimeikalia mikono yangu. Si kwa mafumbo, nimeikalia.

Alikwenda vizuri hadi swali la mwisho, la kuandika. Hapo akasimama. Akatazama nje dirishani, kule kilipobaki kilima cha theluji chafu ambacho hakitaki kuyeyuka. Dakika nne. Dakika sita. Macho wazi, lakini mtu aliyeamka saa tisa usiku hulala macho wazi. Dakika nane. Nikamtazama Loretta. Loretta akanitazama mimi. Dakika tisa.

Nikainuka kunyoosha ramani.

Ikaanguka. Ina gongo la chuma chini. Kishindo chake kilisikika hadi jikoni. Corinne akaruka, kiwiko kikagonga kibodi, mashine ikaanza kuhesabu upya. Akajifuta uso, akaanza kuandika.

(Kamba haikukatika yenyewe. Hili naliandika hapa tu.)

Loretta akasema ramani za zamani hazina adabu.

Saa tano na dakika hamsini: 76!

Swali lilihusu namna usafiri ulivyobadilisha maisha ya watu wa kawaida. Nikamuuliza ameandika nini. Akacheka. "Nyumbu wako, Mwalimu."

Nilijua! Nilisema tangu siku ya kwanza!

Jumapili, 2 Juni

Ukumbi wa michezo, viti vya chuma, harufu ile ile ya nta ya sakafu. Lyle Beaudry alikaa safu ya nyuma, karibu na mlango, kama mtu anayetaka kuwahi kutoka. Shati jipya lina mikunjo ya dukani. Nikakaa naye.

Akanipa mkono. "Mwalimu, mwaka huu nimetimiza hamsini na minane. Alama zako zimenifikia."

Alicheka peke yake. Nikamwambia nilipaswa kurudia siku ile. Akauliza kama nakumbuka alichouliza. Sikukumbuka. Yeye alikumbuka: mashua mbili zikikutana, na nyumbu wote wako njia moja, kamba zinapishanaje?

Miaka arobaini alikuwa nalo! Nikamweleza pale pale. Mmoja hulegeza kamba yake, inazama majini, mwenzake anapita juu yake. Lyle akasema "Ahaa," taratibu sana. Ingetosha. Lakini kuna suala la nani hulegeza kwanza, na uzito wa mzigo, na sheria ya mwaka... Nilikuwa nachora kwa kidole kwenye goti lake tuba ilipolia kwa nguvu upande wetu. Tukainua vichwa. Corinne alikuwa ameshafika katikati ya jukwaa.

Lyle akasimama. Watu wa mbele wakageuka. Hakupiga makofi; alisimama tu, amekunja karatasi ya ratiba mkononi, akajifuta nayo macho kabla ya kuikunjua na kulitafuta jina. Akanionyesha. Lipo. Nikamwambia nimeliona. Akanionyesha tena.

Jumatatu, 3 Juni

Lyle amejiandikisha masomo ya kiangazi ya watu wazima! Historia ya Marekani, mashine ile ile, chumba 114. Corinne ndiye aliyemjazia fomu. Denny kasema nikitaka naweza kukaa naye, lakini nikae tu. Loretta kaleta kikaratasi: sheria ile ile, na maneno yote ya siri yamebadilishwa.

Nimetafakari kwa kina yaliyotokea wiki hizi mbili, na somo ni wazi kabisa. Mfereji ndio uliomfaulisha yule mtoto.

Basi: sauti ya kijana wa sweta itazimwa. Chaki nimeshanunua, boksi mbili. Kamba ya ramani nimeifunga kwa fundo la kufunguka. Kuhusu dakika kumi za mashine, Lyle atagusa kibodi kwa kiwiko kila ninapovuta pumzi. Nimefikiria kila kitu.

Kosa langu lilikuwa kuanza na 1825. Nani awezaye kumwelewa nyumbu wa 1825 bila farasi wa walowezi wa 1607? Nitaanzia hapo.